Mkodisha baiskeli anayesoma matope ya magurudumu

Saa moja kasorobo asubuhi, watawa wameshapita na bakuli zao, na akina mama wa Barabara ya Mtoni wanakunja mikeka waliyopigia magoti. Buaphan Sithirat hana muda wa mkeka. Amechuchumaa nyuma ya baiskeli namba kumi na saba, ameingiza kidole chini ya madigadi na anakwangua tope lililokauka. Analiweka kiganjani, analitemea mate kidogo, analisugua kwa dole gumba, kisha analinusa.

"Kijivu," anasema. "Na linameta. Tazama mwenyewe, usije ukasema nimezua."

Mwandishi anatazama. Ni tope.

"Hili ni tope la ufukwe wa Don Hin," anasema tena, safari hii kwa sauti ya chini, ingawa hapo dukani hakuna mwingine ila paka na baiskeli ishirini na moja. "Jana mgeni aliyeikodi aliniambia ameenda hekaluni. Njia ya hekaluni ni zege tupu. Zege limeanza kutoa tope la kijivu tangu lini?"

Kabla hajajibiwa, mgeni mwenyewe anavuka barabara. Ni Bwana Wirot, mwanamume wa miaka kama hamsini na minane kutoka Bangkok, kofia nyeupe, shati limepigwa pasi. Anasema amestaafu na amekuja Pak Sanuan kupumzika. Leo ni siku yake ya tisa.

"Habari za asubuhi, Bi. Phan."

"Nzuri, Bwana Wirot. Leo unaelekea wapi?"

"Popote miguu itakapopenda."

"Miguu yako inapenda hekaluni sana."

"Kule kuna utulivu."

"Utulivu hata hapa upo. Tena hapa hauna tope."

Bwana Wirot anacheka, anagonga kengele mara moja, anaondoka. Buaphan anamsindikiza kwa macho mpaka kofia nyeupe inapopinda kwenye kituo cha doria ya mto.

"Mtu aliyestaafu haamki saa kumi na mbili siku tisa mfululizo," anasema. "Yule yuko kazini."

Hiyo ilikuwa Jumanne. Mwandishi wa makala haya, ambaye amepanga chumba milango mitatu kutoka dukani hapo tangu miaka mitatu iliyopita, alikuwa amekuja kuandika habari nyepesi kuhusu mama anayekodisha baiskeli. Habari hiyo haikubaki nyepesi.

Buaphan ana umri wa miaka hamsini na miwili. Mumewe alifariki miaka minane iliyopita akamwachia baiskeli sita, tatu zikiwa hazina breki. Leo anazo ishirini na mbili, zote mitumba kutoka Japani, zote na vikapu mbele, na kila moja ina namba aliyoipaka kwa mkono wake. Anakodisha kwa baht hamsini kutwa. Miezi ya baridi huingiza hadi baht mia saba kwa siku. Miezi ya mvua anaweza kukaa siku tatu bila kusikia kengele.

Pak Sanuan ni mji unaoweza kuuzunguka wote kwa baiskeli kabla jua halijawa kali. Barabara moja inaufuata Mto Mekong, nyingine inaifuata hiyo barabara, na Laos iko pale ng'ambo, karibu kiasi kwamba majogoo wao ndio wanaowaamsha watu wetu. Wageni wanaupenda kwa sababu hakuna kinachotokea. Sisi wakazi tunajua kwamba vinatokea vingi, ila havipigi kelele.

Miaka mitatu iliyopita, kitu kimojawapo kilitokea kwa baiskeli namba tisa. Kijana mmoja aliyejiita mpiga picha aliikodi asubuhi na hakurudi. Kesho yake askari waliikuta imeegemezwa kwenye kichaka cha Don Hin, pale ufukwe unapoingia mtoni kabisa na ng'ambo inabaki hatua chache za maji kiangazi. Karibu yake palikuwa na gunia la vidonge vya kulevya. Kijana hajaonekana mpaka leo.

Askari walizichukua baiskeli zote. Zilikaa kituoni siku arobaini na moja, zikinyeshewa. Buaphan aliitwa kuhojiwa mara sita.

"Walikuwa wananiuliza swali moja kwa namna sita," anakumbuka. "Nilipotoka, mtaa mzima ulikuwa umenipa jina. Mama Vidonge. Watoto wa watu wananiita hivyo mbele ya wazazi wao, na wazazi wanatazama pembeni."

Walipomrudishia baiskeli, ofisa mmoja alimwambia maneno ambayo bado anayasema kwa kumwigiza, kidevu juu na mikono kiunoni: "Ikitokea tena, kibali hakuna." Kibali chenyewe ni cha mwaka mmoja mmoja. Duka limesimama kwenye ardhi ya umma ya ukingo wa mto, na halmashauri ikikataa kuandika upya, Buaphan hana pa kuziweka baiskeli zaidi ya chumbani kwake.

Ndipo alipoanza kusoma matope.

Kwa hesabu yake, mji una matope manne. Jekundu ni la mashamba ya mpira. Jeusi linalonuka ni la majaruba ya nyuma ya shule. La njano lenye changarawe ni la njia ya machimbo. Na la kijivu, laini, lenye vijichembe vinavyometa, ni la Don Hin, ambako mtu mwema hana shughuli. Kila jioni mgeni anaporudisha baiskeli, Buaphan humwuliza kwa tabasamu ametembea wapi. Kisha mgeni akishaondoka, anachuchumaa nyuma ya gurudumu kuhakikisha.

Jirani yake wa mkono wa kulia, Sangiam, anayeuza supu ya tambi, amechoka na mambo hayo siku nyingi.

"Phan, hebu njoo unuse na supu yangu," humpigia kelele. "Uniambie kuku huyu alikuwa anatembelea wapi."

"Kuku wako hajatembea popote. Alikufa kwa uzee."

Wanawake hao wawili walisoma darasa moja. Kwa miaka mitatu sasa huo ndio urefu wa mazungumzo yao.

Kuhusu Bwana Wirot, hata hivyo, Buaphan hakuwa na tope peke yake. Siku ya kwanza alimwona akitoa sadaka asubuhi kwa kumwekea mtawa pakiti ya maziwa. Hapa kwetu barabarani unaweka wali wa kunata mtupu. Kitoweo kinapelekwa hekaluni baadaye. Hilo halikuwa kosa, ni ugeni tu. Lakini siku ya tatu alimwona ameketi kwenye benchi karibu na kituo cha doria, anatazama barabara na kuchora vijistari kwenye daftari. Siku ya tano alipiga picha baiskeli zilizoegeshwa, mtu asiyepiga picha hata mto. Siku ya saba alimwuliza Sangiam anauza bakuli ngapi Jumamosi.

"Mla supu anataka kujua bakuli ngapi ili iweje?" Buaphan aliuliza.

"Labda anataka kunioa," alisema Sangiam.

Jumatano, tope la kijivu likarudi tena kwenye namba kumi na saba, na Bwana Wirot akasema tena kwamba ametoka hekaluni. Buaphan alifunga kufuli, akaenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Khamsing, aliyekuwa uani anamwogesha jogoo wake wa kupigana.

"Kaka Khamsing, yule mtu anahesabu zamu za askari."

"Una ushahidi?"

Buaphan akakunjua jani la mgomba. Mzee akalitazama tope, akamtazama jogoo, kana kwamba jogoo naye atoe maoni.

"Phan, mdogo wangu. Nipeleke tope kituoni?"

"Mwaka ule ungepeleka hata tope, nisingekaa siku arobaini na moja bila kazi. Wakikuta gunia lingine, mimi ndiye nitakayelala ndani. Si wewe na kuku wako."

Mzee Khamsing alikunywa maji, akafikiri kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akapiga simu. Urefu wa kufikiri huko ulikuja kupata maana baadaye.

Alhamisi saa tano na nusu, mbele ya soko, askari watatu walimsimamisha Bwana Wirot. Sajini mmoja alimwaga mkoba wake juu ya meza ya muuza nyanya. Vilitoka chupa ya maji, mayai mawili ya kuchemsha, dawa ya mbu, tepu ya kupimia ya chuma na daftari. Halafu vikatoka vidonge.

Buaphan, aliyekuwa amejibanza nyuma ya magunia ya pilipili, alimshika mwandishi mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaacha alama.

"Ni vya presha," alisema Bwana Wirot.

"Tutaona."

Walimsimamisha juani dakika arobaini, kofia imeanguka chini, mikono juu ya kichwa, mpaka muuguzi wa zahanati alipokuja akasoma karatasi ya vidonge na kusema ni vya presha, na kwamba mtu wa presha hasimamishwi juani. Sajini alirudisha vitu mkobani kimoja kimoja. Yai moja lilikuwa limepasuka.

"Nani aliyeniripoti?" aliuliza Bwana Wirot.

"Huwa hatutaji."

Hapakuwa na haja ya kutaja. Soko zima liligeuka kuyatazama magunia ya pilipili.

Mchana huo Buaphan alifanya jambo alilokuwa hajalifanya kwa miaka mitatu. Alifunga duka, akatoa namba tatu aiendeshe mwenyewe, akamwambia mwandishi achukue yoyote. "Twende hekaluni. Nataka nilione hilo zege kwa macho yangu."

Ukweli ni kwamba mwenye baiskeli ishirini na mbili alikuwa haendeshi baiskeli. Tangu ile namba tisa, alikuwa anakaa dukani kulinda zilizobaki. Ukingo wa juu wa mto alikuwa hajaufikia hata mara moja.

Tulipita nyumba za mbao zenye milango ya kukunja. Tukapita kivuko cha zamani kilichofungwa, kibao chake kimeliwa na kutu. Chini yetu, kwenye mteremko ambao mto huuacha wazi kila kiangazi, watu walikuwa wamelima mistari ya vitunguu, maharage na tumbaku mpaka karibu na maji. Buaphan aliendesha polepole na kushuku kila kitu.

"Uzio huu nani kajenga?"

"Una mwaka wa pili, Mama Mkubwa," alijibu mpita njia.

"Na hii gesti? Hii ya nani? Pesa katoa wapi?"

"Ni ya mtoto wa mwalimu. Ulialikwa kwenye ufunguzi."

Alikumbuka kwamba alialikwa, na kwamba alikataa kwenda kwa sababu alidhani wanataka kumchunguza.

Zege la njia ya hekaluni lilikuwepo kama alivyosema. Lakini mita mia mbili kabla ya ngazi za hekalu, lilipotea chini ya tabaka la tope laini, la kijivu, lenye vijichembe vinavyometa juani. Alama za magurudumu zilikuwa zimelikata kwenda na kurudi.

Buaphan alishuka. Alichota, akatemea mate, akasugua, akanusa. Akachota pengine, akanusa tena.

Kutoka kwenye mistari ya vitunguu, mama mmoja anayeitwa Chanpheng alimwita. "Mama Mkubwa Phan! Umepotea wapi miaka yote hii? Unatafuta nini hapo?"

"Tope hili limetoka wapi?"

"Mtoni, wapi tena. Mwezi uliopita maji yalipanda usiku mmoja, kiangazi hiki hiki. Huko juu kwenye mabwawa walifungulia bila kumwambia mtu. Yalikula mistari yangu minane, yakatuachia uchafu huu. Wiki ya nne sasa. Kila anayekuja hekaluni anaukanyaga."

Buaphan aliketi kando ya njia, viganja vyote vya kijivu. Alikuwa na aibu na hakujaribu kuificha.

"Hakuna tofauti," alisema baadaye. "Na la Don Hin, hakuna tofauti kabisa. Mto umehama, mimi nimekaa dukani nanusa. Nimemdhalilisha mtu mzima kwa tope la kila mtu."

Kwetu, kosa la namna hiyo halimalizwi kwa kusema samahani barabarani. Ijumaa jioni Buaphan alitayarisha bakuli lenye jozi tano za maua na jozi tano za mishumaa, akamwomba Mzee Khamsing awe mtu mzima wa kumsindikiza, wakaenda kwenye gesti ya Bwana Wirot. Alivua ndala, akapiga magoti barazani, akaliinua bakuli kwa mikono miwili.

"Nilikukosea kwa mdomo na kwa moyo," alisema. "Nakuomba unisamehe, kosa hili lisitufuate."

Anayelipokea bakuli amemaliza ugomvi; hawezi kulirudia jambo hilo tena, wala kulisimulia kwa ubaya. Bwana Wirot alilipokea. Mzee Khamsing akawafunga wote wawili uzi mweupe kwenye vifundo vya mikono. Kilichobaki kilikuwa baraka, na baraka hutolewa na aliyekosewa. Bwana Wirot hakuitoa.

"Nikaona jasho," anasimulia Buaphan. "Jioni yenyewe ya baridi. Nikasema moyoni, Phan wewe, umeomba msamaha mapema."

"Bi. Phan," alisema mgeni hatimaye, "siwezi kukubariki nikiwa na hili. Ile tepu haikuwa ya kupimia samaki."

Akaleta daftari. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na mchoro wa duka la Buaphan: upana mita sita na nusu, kina mita nne, umbali kutoka ukingo wa mto, mahali pa kuweka lango. Kurasa zilizofuata zilikuwa na vijistari vya kila baiskeli iliyopita, siku kwa siku. Kampuni moja kutoka mji mkubwa inataka kujenga hoteli ya vyumba themanini nyuma ya soko. Inataka pia ukanda wa mbele, ardhi ya umma, iweke baiskeli mia moja ishirini za wageni wake. Za bure. Bwana Wirot alikuwa hajastaafu. Kazi yake ni kupima na kuhesabu.

Kwa hiyo kuhusu mtu, Buaphan hakukosea. Alikosea kuhusu kosa la mtu huyo.

Aligeuka kumtazama Mzee Khamsing, ambaye alikuwa anachunguza vidole vya miguu yake.

"Ulijua?"

"Barua ilikuja wiki mbili zilizopita. Nilikuwa nasubiri mkutano."

"Ukamwitia askari mtu uliyejua ni mpimaji?"

"Barua haikuwa na jina lake, Phan. Nilihisi tu. Ningekwambia ni mpimaji, ungeniuliza anapima nini."

Buaphan anakiri kwamba alitamani kulinyakua bakuli lake arudi nalo nyumbani. Lakini uzi ulishafungwa. Alimwuliza Bwana Wirot swali moja tu, kwamba ataandika nini.

"Nilichokiona."

"Umeona nini?"

"Baiskeli zinazotunzwa kuliko gari langu. Na mwenyewe mkali."

Jumamosi asubuhi mgeni aliondoka na basi. Namba kumi na saba aliirudisha ameiosha yeye mwenyewe, mpaka spoki, mpaka chini ya madigadi. Buaphan bado hajui alitaka kuonyesha wema au kuficha jambo. "Hakuniachia hata punje," analalamika.

Sasa mambo yako hivi. Jumapili hii mtaa utakutana kwenye ukumbi wa hekalu kuamua kwa kunyoosha mikono kama kibali cha duka kiendelee au ukanda upewe kampuni. Milango ni arobaini na mitatu, mkono mmoja kwa kila mlango, mpangaji au mwenye nyumba. Buaphan anahitaji mikono ishirini na miwili. Jumatatu alianza kuihesabu kwa vidole, akafika tisa, akaenda kwa Sangiam.

"Ninyooshe mkono," Sangiam alisema, huku akikata vitunguu bila kuinua macho, "halafu kesho uunuse?"

"Ni mambo ya hoteli haya, Sangiam. Na wewe watakumaliza. Watapika humo humo ndani."

"Huenda. Lakini watu wa mtaa huu hawaiogopi hoteli, Phan. Wanakuogopa wewe. Shemeji yangu alilala kituoni siku mbili kwa sababu alirudi na suruali yenye tope. Ulidhani hatujui?"

Buaphan alirudi dukani akakaa. Usiku huo hakula. Asubuhi alimfuata Mzee Khamsing na kumwambia kitu ambacho hata mwenyekiti hakukijua chote: katika miaka mitatu, ameripoti watu kumi na mmoja wa mtaa huu huu. Hakuna hata mmoja aliyekutwa na chochote.

"Nilikuwa nasema najilinda," anasema. "Waliponiita Mama Vidonge iliniuma sana. Kumbe na mimi nilikuwa nawapa wenzangu majina, ila nilikuwa nayapeleka kituoni."

Mpango wake ni kwenda nyumba zote kumi na moja kabla ya Jumapili, kila moja na bakuli lake, jozi tano za maua, jozi tano za mishumaa. Mzee Khamsing anabeba mishumaa. Hakuombwa. Na yeye ana lake la kulipia.

Jumatano alasiri, mwandishi akiwa chumbani anamalizia makala haya, mlango uligongwa. Alikuwa Buaphan, amevaa sketi ya hariri ya sikukuu, bakuli mikononi. Nyuma yake alisimama Mzee Khamsing na mfuko wa mishumaa. Mwandishi alidhani wamekuja kuaga kabla ya kuanza mzunguko.

Buaphan alivua ndala akapiga magoti.

"Na wewe umo," alisema.

"Nimo wapi?"

"Katika wale kumi na mmoja. Wewe mara mbili. Mwaka ule ulipohamia."

Mwaka ule askari walikuja mara mbili. Mara ya kwanza waligeuza godoro. Mara ya pili waliondoka na madaftari yote ya mwandishi, yakakaa kwao siku kumi na tisa, na yaliporudi kurasa nyingine zilikuwa zimelowa. Mwandishi alidhani ndio utaratibu wa mpakani. Aliwapa hata maji ya kunywa. Kesho yake alikwenda kumsimulia jirani yake mwenye baiskeli, naye akamsikitikia sana.

"Kwa nini?" aliuliza mwandishi.

"Ulikuwa unawauliza watu maswali, halafu unaandika."

"Mimi ni mwandishi wa habari, Mama Mkubwa!"

"Ndivyo ulivyosema. Na yule alisema amestaafu."

Mwandishi alikasirika, na mpaka anapoandika sentensi hii bado amekasirika kidogo. Alilitazama lile bakuli. Buaphan alikuwa bado ameliinua. Mwandishi akalipokea.

Uzi ulipokwisha kufungwa, Buaphan aliinuka, akavaa ndala, akashika baiskeli yake aondoke.

"Huulizi kama Jumapili nitanyoosha mkono?"

"Nikikuuliza leo, itakuwa nimekuja kununua mkono." Alitengeneza maua yaliyobaki kwenye kikapu ili yasipondwe. "Mimi nataka kibali cha mwaka mmoja. Mmoja tu. Nikipata, nitaendesha kila siku, nijue mto umefika wapi, na wageni niwapeleke mwenyewe badala ya kuwanusa wakirudi. Wa pili nitauomba mwakani, watu wakishanizoea."

Zilibaki nyumba kumi. Ya pili ilikuwa ya Sangiam, kwa sababu ya yule shemeji. Mlango ulikuwa umefungwa, na ndani redio ilikuwa inaimba kwa sauti ya juu. Mzee Khamsing alibisha, hakujibiwa. Akashauri waanze na nyumba nyingine, warudi baadaye.

Buaphan alikataa. Alivua ndala, akapiga magoti barazani mbele ya mlango uliofungwa, akaliinua bakuli kwa mikono miwili, akakaa hivyo. Watu wawili wa gesti walipita kwa baiskeli zake, wakapunguza mwendo kumtazama. Hakugeuka kuona wanaelekea wapi.

Ndani, redio ikazimwa.